Jeni Zikilala

Kuno alipomaliza kuwagawia wanawe ng'ombe, aliomba alazwe kuelekea kibla.

"Bado hujafa, Baba Galgalo," mkewe Dahabo alimwambia. "Kunywa maziwa."

"Hayapiti. Koo limefunga."

Tangu kipande cha uvimbe kipelekwe Nairobi kupimwa, Kuno alikuwa wa mkekani tu. Daktari Nasteha, pale Garsen, aliwaeleza kwamba ndani ya saratani mna jeni: nyingine ziko macho zinafanya kazi, nyingine zimelala. Zikijulikana zilizo macho, mtu anaweza kukisia kama mgonjwa ana maisha marefu mbele yake au mafupi.

"Kama fisi," Kuno alisema siku hiyo. "Aliyelala hali ndama." Kisha miguu ikamwisha nguvu.

Wageni wakaja kumpa pole, na hao nao wanataka chai. Dahabo alikama ng'ombe, akachota maji, akashika birika kwa mkono wa kushoto. Jirani yake Sabdio alimnyang'anya.

"Wewe keti, utaanguka!"

"Nikiketi, nani atampepea huyu?"

Hakulia. Aliomba tu kimoyomoyo fisi walale.

Siku ya majibu walipanda bodaboda. Kuno alikaa katikati, macho kayafumba, akitamka shahada kila waliporuka shimo. Dahabo alimkumbatia kwa nyuma asidondoke.

Walipoingia kwa daktari, Kuno alijitupa kwenye kiti cha kwanza alichokiona.

"Majibu ni mazuri," alisema Nasteha. "Zile jeni kali zimelala. Uhai ni wa Mungu, siwezi kuahidi, lakini wenye majibu kama haya wengi wao huishi miaka mingi. Dawa tutaendelea nazo."

"Wallahi?" Kuno aliruka wima. "Mama Galgalo, umesikia? Tumepona! Waambie watoto ng'ombe wangu warudi wote!" Papo hapo akauliza pilau inauzwa wapi.

Dahabo alishika ukingo wa meza. Kwa mara ya kwanza tangu masika, machozi yakamtoka.

Daktari alivaa glavu.

"Sasa mzee, tupishe nje kidogo," alimwambia Kuno. "Nataka kumwangalia mkeo kidonda cha titi, pale tulipokata kile kipande."