Kosa la Ukurasa wa Saba

Kwa jina la Ayaonaye yaliyofunikwa kabla hayajafunuliwa, kisa hiki kinaanza. Watu wake ni watatu: mgeni aliyekuja kuua, mchoraji aliyekusudiwa kuuawa, na mke wa mchoraji aliyekuwa nyuma ya pazia akishona. Wa nne ni wa karatasi, naye ni Kimya, mamluki wa vitabu vya katuni, ambaye kwa miaka minane hakuna msomaji aliyepata kuiona sura iliyo chini ya barakoa yake.

Mgeni alikuwa amekwisha kuupima mlango, dirisha na shingo ya mwenyeji wake kabla hajamaliza kuitikia salamu. Mfukoni mwake ulilala ugwe mwembamba wa hariri. Ugwe huo ndio uliomlisha miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeuona uso wake kazini akabaki wa kuusimulia.

"Kaa, ndugu yangu," mchoraji alisema, akifuta wino vidoleni. Alikuwa mzee mkavu, miwani yake imeungwa kwa uzi. "Kiti hicho kinalalamika, lakini hakijamwangusha mtu. Wewe ndiye uliyepiga simu juma lililopita, kuhusu ukurasa wa saba?"

"Ndiye mimi, mzee. Msomaji wako."

"Wasomaji wanaofika hapa ni wa namna mbili, wa kusifu na wa kukosoa. Wa kusifu huishia kutaka niwachore wao. Wewe?"

"Wa kukosoa."

"Alhamdulillahi. Afadhali."

Nyuma ya pazia cherehani ilikwenda, ikapumzika, ikaenda tena.

Mgeni alikuwa na sababu mbili za kuja. Ya kwanza ilikuwa imebandikwa ukutani: tangazo la toleo lijalo, ambamo Kimya angevuliwa barakoa. Kila kilichonong'onwa mitaani juu ya mgeni huyu, mchoraji alikuwa amekiokota akakitia rangi, na mgeni hakukusudia kungoja aone ni uso gani utakaochorwa. Kabla ya magharibi mikono ile ya wino ingekuwa imetulia.

Sababu ya pili asingeweza kumwambia mtu. Ilimkera tu, miaka minane, kama kibanzi chini ya ukucha.

Akatoa toleo la kwanza, lililochakaa kwa kusomwa, akalifungua ukurasa wa saba. "Hapa Kimya anamsukuma mlinzi wa ghala kutoka juu ya ngazi."

"Ndivyo. Kisa chenyewe ni cha kweli. Gazeti liliandika kwamba mlinzi aliteleza ngazini. Mimi nimeongeza mkono tu."

Cherehani ikanyamaza.

"Kimya hasukumi watu," mgeni alisema.

"Ndugu yangu, Kimya ni mchinjaji. Huua, akaiacha maiti kama gunia lililopasuka, akaenda zake kula. Hana adabu na wafu."

Mgeni alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. "Hana adabu? Wewe unayekaa kitini ukichora watu wasiotoka damu, ndiwe wa kunifundisha adabu?"

"Basi nifundishe." Mzee alivuta karatasi, akachonga penseli bila haraka. "Toleo la mwisho nitalianza kwa kulisahihisha la kwanza. Au nawe ni wale wa midomo tu?"

Mgeni alitabasamu. Kwa hesabu yake, mtu huyu alikuwa maiti tayari, na linaloambiwa maiti haliendi mbali. Na asahihishe kwanza. Kisha kazi ingefanyika, na mchoro angeondoka nao yeye.

"Chora ghala," alisema. "Taa moja. Mlinzi ameketi chini ya ngazi, anasoma, midomo ikimcheza kama mwanafunzi. Kimya anatokea nyuma yake. Hakuna kelele. Akimaliza, anamlaza chali, polepole, vile unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Anamfumba macho. Anamvua viatu."

Penseli ilisimama. "Viatu? Vya nini tena?"

"Mtu asiende huko na viatu vya kazini." Sauti ya mgeni ililainika. "Anavipanga karibu na kichwa chake, visigino vikigusana, kamba amezitumbukiza ndani. Hilo hakuna gazeti lililoliandika. Haya, niambie sasa ni nani asiye na adabu."

Penseli ilirudi kukimbia, na macho ya mzee yalikuwa yakipanda na kushuka, kutoka kwenye karatasi hadi kwa mgeni, kutoka kwa mgeni hadi kwenye karatasi.

"Leo umekuwa mwepesi wa kusikiliza, mzee."

"Nimengoja sana kufundishwa."

Mgeni aliinuka, mkono mmoja mfukoni, akainama juu ya meza. Hapakuwa na ghala pale, wala taa, wala mlinzi. Palikuwa na uso wake mwenyewe, mpaka kovu dogo la kidevuni, na chini yake barakoa nyeusi iliyovuliwa.

Ugwe ulikuwa haujatoka mfukoni pazia lilipofunguka. Askari wawili walitangulia, na karani wa mahakama akafuata, daftari wazi, akimalizia mstari. Mke wa mchoraji alikuja mwisho, akasimama mbele ya mgeni, akamtazama usoni.

"Viatu vile nilivikuta mimi," alisema. "Kamba zimetumbukizwa ndani. Nikasema hakuteleza, wakaniita mwehu."

Ewe Mola, mrehemu mlinzi wa ghala, na uwape faraja waliobaki, baba yake mwenye penseli na mama yake mwenye cherehani.