Hodi ya Lusungu

Tangu moto uwe mali ya majengo ya umma, hakuna mtu Makete aliyeruhusiwa kuwasha hata kijiti nyumbani kwake. Kuni zote zilikwenda shuleni na zahanati, chakula kikapikwa huko huko, na watoto wakalala huko tangu chekechea. Tumwitike hakuona ubaya. Yeye ndiye aliyechochea tanuri la shule, tena kwa kuni za misindano, misonobari ya shamba lake mwenyewe.

Tanuri lilipozimwa wiki moja kwa matengenezo, watoto walirudishwa makwao. Asubuhi hiyo akasikia mlangoni, "Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Lusungu, binti yake wa miaka saba.

"We mtoto, unapiga hodi kwenu?"

"Shikamoo, mama." Akaingia na koti lake, meno yakigongana. Akayatazama mafiga. "Haya mawe matatu ni ya nini?"

Tumwitike alikuwa ameyapikia miaka kumi. "Ya kukalia," akajikuta anasema.

Lusungu akakalia moja, akainuka upesi. Lilikuwa baridi kama barafu. "Mama, nitarudi nyumbani lini?"

Tumwitike akaanza kuhesabu siku kwa vidole, asijue anamhesabia mtoto au anajihesabia mwenyewe.