Uji wa Somoe

Jiji limefunga vichochoro vyote vya mkato ili watu watembee zaidi, kwa afya zao. Dada yangu Somoe ni mgonjwa, anakaa nyuma ya ukuta wangu huu, lakini lango la jiji hapa kwangu, linalojifunga na kusema lenyewe, linaniruhusu njia ya kuzungukia sokoni tu. Uji wa mchele niliomtilia tui na iliki unafika umeshapoa, una utando juu.

"Shekue mwanangu, si wewe msimamizi wa huo mpango? Nifungulie!"

"Mama, nikikufungulia wewe, nimfungie nani? Na presha yako si imeshuka?"

"Yangu imeshuka. Ya mamako mkubwa je?"

Akapanda baiskeli yake, akaenda kazini.

Kila asubuhi Somoe huniita, "Mdogo wangu, uji tayari?" Leo nimegonga ukuta, hajaitika. Nimekimbilia langoni. Lango limenitakia matembezi mema, likanielekeza sokoni.