Mche Uliobaki

Biasha alikuwa akimwagilia miche ya michikichi kama kila asubuhi, kila mche kata moja ya maji, aliposikia ukelele ule ule.

"Iko mumoja unabaki!"

Alikuwa Kassimu, karani wa boma, kanzu imejaa matope hadi magotini. Hiyo ilikuwa siku ya ishirini. Wadachi walikuwa wameleta Rumonge miche 10,007, na amri fupi: ipangwe yote kwa safu zilizo sawa, usibaki hata mmoja. Kazi ikikamilika, karani ahamie Ujiji.

Walijaribu safu mbili, ukabaki mmoja. Safu tatu, ikabaki miwili. Safu saba, minne. Wanawake walipanga na kupangua hadi viuno vikawauma. Safu moja ingekubali, lakini ingekatiza mashamba ya watu hadi Kigwena, na Bwana Mkubwa, Mdachi wa boma, alishasema shamba si kamba.

"Namba hii ina kiburi," alisema Kassimu. "Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi. Ungeongezeka mche mmoja, zingetimia safu sabini na mbili."

Aliyasema hayo bila huzuni yoyote.

Sikujua, shangazi yake Biasha, akacheka. "Karani, unahesabu miche ama unamuhesabu mutoto wetu?"

Kassimu akainamia daftari. Biasha akainamia kata yake. Moyoni aliiombea namba ile isilainike kamwe.

Jioni ikapigwa mbiu. Kesho Bwana Mkubwa anakagua. Ukibaki au ukipungua hata mmoja, karani atalazwa chini, apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano.

Nyuma ya jiko lake, Biasha alikuwa na mchikichi mdogo aliouotesha mwenyewe. Alfajiri aliung'oa na udongo wake, akampelekea Kassimu.

"Huu ndio ule mmoja uliopungua. Panga sabini na mbili."

Kassimu aliupokea kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Murakoze, asante, dada," akanong'ona.

Wakapanga. Safu sabini na mbili, kila moja miche 139. Biasha alihesabu mara mbili, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Saa nne Bwana Mkubwa akaja na askari wake, akahesabu kwa fimbo, safu baada ya safu. Ya mwisho ilikuwa na 138.

"Nani ameiba?"

Biasha akamtazama Kassimu. Tarbushi yake ilikuwa imeinuka kuliko siku zote. Udongo ulimtiririka shavuni, na juu ya sikio lilichungulia jani la kijani.

Askari akakunjua kiboko. Kassimu akajilaza kifudifudi bila kuambiwa, mikono yote miwili imeishikilia tarbushi.

"Hamsa ishirini nitaziweza, Biasha," akasema, kwa sauti iliyofika hadi ziwani. "Ujiji bila wewe, siwezi."