Swali Ambalo Mashine Haikuuliza

Kila mlezi wa mtu mwenye ulemavu alivaa bangili iliyopima uchovu wake. Uchovu ukizidi kiwango, mashine ya wilaya iliamua anayetunzwa ahamishiwe makao ya matunzo, na familia ilikuwa na nafasi moja tu ya kupinga.

Bangili ya Mwajabu ilipowaka nyekundu, alimpeleka binti yake Saumu mbele ya baraza la wilaya kupinga uamuzi. Saumu alikuwa na miaka ishirini na sita. Mtindio wa ubongo ulimnyima maneno, lakini alijibu kwa macho: juu ni ndiyo, chini ni hapana.

"Mama, umechoka," afisa wa baraza alisema kwa upole. "Mashine haikosei."

"Nimechoka, baba, sikatai. Lakini imenipima mimi. Yeye nani kamuuliza?"

Afisa akavuta kiti mbele ya Saumu. "Dada, unataka kwenda makao?"

Saumu alitazama chini.

"Unataka kubaki kwa mama?"

Akatazama chini tena. Mwajabu alishika ukingo wa meza.

"Unataka nyumba yako, na msaidizi utakayemchagua mwenyewe?"

Saumu alitazama juu, akayagandisha macho hapo huku akicheka mwili mzima. Baraza zima lilipiga makofi. Kwa mara ya kwanza wilayani, uamuzi wa mashine ulifutwa.

Saumu alihamia mtaa wa pili. Majirani walimpongeza Mwajabu, naye aliwashukuru kwa furaha ya kweli. Ila asubuhi iliyofuata alijikuta amepika uji wa watu wawili.