Mkono Una Akili Yake

Nyuma ya pazia la duka la udi, Bi Mwanasiti alipanga mezani vifaa vinne vya mpira, vya wanaume wanaolala peke yao. Shekue, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi, alitazama sakafu.

"Nipe chochote, Bibi, niondoke."

"Mla chochote ni mbuzi!" Bi Mwanasiti alikuwa amefunda maharusi kabla ya kufungua duka, na haya zilimwisha zamani. "Wewe wapenda kipi? Kilaini? Cha kubana?"

Shekue alichaguliwa mke na baba, kazi na mjomba, kanzu na mke. Swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Sijui," alisema, akageuka atoke.

"Fumba macho, baba. Mkono una akili yake."

Akafumba, naye akamwekea kimoja kimoja kiganjani. Cha kwanza kilikuwa kigumu, akakirudisha. Cha pili kilinata. Akatikisa kichwa, kisha akashangaa: kumbe anaweza kukataa! Cha tatu kilikuwa laini kama ndewe ya sikio. Mkono ukatulia.

"Hiki," alinong'ona. "Napenda hiki."

Bi Mwanasiti alikichukua akakifunga gazetini. Shekue alibaki amefumba macho, kiganja wazi, vidole vikicheza hewani taratibu.