Matangazo Mawili ya Jumapili

Kufikia saa nne asubuhi Jashvant Kapadia alikuwa amebadili shati mara nne, na dada yake Vilasben alikuwa ameshamchoka.

"Vaa hilo la bluu, ukae kitako," alimwambia. "Una miaka sitini na saba, unahangaika kama mwari!"

Vilasben ndiye aliyeandika matangazo yote mawili katika gazeti la Jumapili. La kwanza lilitafuta meneja wa kiwanda cha achari cha Kapadia hapa Vadodara, India, maana mwenyewe alikuwa amechoka kuamkia mapipa ya maembe na pilipili. La pili lilimtafutia Jashvant mwenyewe mchumba: mwanamume wa makamo, mtulivu, asiyekula nyama, "aje akijua anachotaka." Namba ya simu ilikuwa ile ile moja. Nyumba moja, simu moja, alisema Vilasben.

Nalin, mwanamume aliyeishi na Jashvant miaka ishirini na miwili, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Mtaa mzima ulimwita "mpangaji wa juu", na mtaa huo huo, ulipotokea msiba, ulimletea Jashvant chakula siku kumi na tatu bila kuuliza swali, kama anavyoletewa mjane. Tangu hapo nyumba ilipoa. Vilasben alikuja kumtembelea kwa wiki moja, akamkuta ndugu yake anazungumza na friji, akahamia kabisa.

Leo walitarajiwa watu wawili, ambao Vilasben aliandika saa zao tu bila majina: mchumba saa nne, meneja saa tano.

Kengele ililia saa nne na nusu. Aliyeingia alikuwa mzee mwembamba, kalamu mbili mfukoni, faili nene kwapani. Alijitambulisha kwa jina la Trambaklal Oza, akaomba radhi kwa ajili ya treni.

Walikaa chumba cha kulia, chai na gathia, vile vitafunio vya unga wa dengu, mezani. Oza aliangalia huku na huku bila haraka.

"Dirisha hili linapata jua la asubuhi?"

"Hadi saa tatu."

"Vizuri." Akanywa funda moja. "Na huyu aliyekuwapo kabla yangu, aliondokaje?"

"Alifariki. Moyo."

"Pole sana. Alikaa muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili."

Oza aliinamisha kichwa kwa heshima. "Basi hapa watu hawaondoki ovyo."

Vilasben akaleta achari ya ndimu. Mgeni alionja, akatafuna, akafumba macho.

"Chumvi imezidi."

Vilasben alishika mdomo. Kuna watu waliofukuzwa nyumba hii kwa maneno hayo hayo. Lakini Jashvant aliangua kicheko mpaka akakohoa. "Imezidi! Nawaambia kiwandani tangu Diwali, wananiona nimezeeka ulimi!"

Oza naye akacheka, kicheko kidogo cha puani, na Jashvant akahisi kitu kifuani ambacho alidhani kilishazikwa. Alitaka kusema neno. Badala yake akauliza, "Na hilo faili?"

"Ah. Niliona afadhali nije na vielelezo." Oza akavipanga mezani kimoja kimoja: cheti cha uhasibu, barua ya kumsifu kwa miaka thelathini na moja ofisini bila doa, majibu ya vipimo vya presha na sukari, na waraka wa mwenyekiti wa fleti zao kuthibitisha kwamba hana ugomvi na mtu.

Jashvant aliganda. Nani anakwenda kuposa na cheti cha uhasibu? Saa nne na nusu: mtu huyu amechelewa kwa posa, amewahi kwa kazi. Na yeye Jashvant, mzee mzima, kidogo tu amshike mtu mkono!

Kengele ikalia tena. Vilasben alikwenda, akarudi mbio, akamnong'oneza sikioni: "Ndiye huyo! Suti ya kijivu, maua mkono mzima, na boksi la vitamu vya ladu! Nimemweka sebuleni. Huyu malizana naye."

Jashvant akajikaza. "Bwana Oza, sitakuzungusha. Kazi ni yako. Utasimamia kiwanda kizima, na ofisi yako iko kule kule, nyuma ya yadi. Huku nyumbani hutasumbuliwa kuja."

Oza aliweka kikombe chini. "Kule kiwandani."

"Ndiyo."

"Huku, hapana."

"Huku, hapana."

Oza alikusanya karatasi zake, akazilinganisha kingo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Umelisema kwa upole. Asante kwa chai." Akavaa viatu mlangoni, akashuka ngazi.

"Ajabu," alisema Jashvant. "Hata hakuuliza aanze lini."

"Ana haya tu. Twende!"

Sebuleni, yule wa maua alisimama kwa adabu. Alikuwa mtanashati, hilo halikupingika. Aliisifu nyumba, akamsifu Vilasben, akaikutanishia viganja kwa heshima picha ya Nalin iliyovishwa shada la maua. Jashvant alijitahidi kumpenda. Macho yake yalikuwa dirishani, yakilifuata faili lililokuwa likielekea kituoni polepole.

"Unaona tutaelewana, bwana?" aliuliza hatimaye.

"Bila shaka yoyote, mzee wangu! Swali moja tu, msinione mroho." Mgeni alilegeza tai. "Mshahara unatoka mwisho wa mwezi, au katikati?"

Jashvant alikwishafika mlangoni. Alishuka ngazi mbili mbili, ndara moja mguuni, nyingine imebaki kwenye zulia, akatoka mpaka barabarani akipaza sauti kama muuza mboga: "Bwana Oza! Wee, Bwana Oza! Ile nafasi nyingine bado iko wazi!"